Jack Russell anayetafuna kila kitu: hatua saba za kujua sababu kabla ya kumwadhibu

Swali limekuwa lile lile mwaka mzima: nimkomesheje mbwa anayetafuna kila kitu? Mtu ana mbwa mdogo wa kuwinda, mara nyingi Jack Russell, pengine Beagle au Dachshund. Mbwa amemaliza ndara za nyumba nzima, rimoti imekuwa vipande, pembe ya kochi inaonyesha mbao. Mwenyewe ameshajaribu makofi, ameshajaribu pilipili, ameshamfunga mnyororo nyuma ya jiko, na bado. Nikimuuliza anatafuna saa ngapi, mahali gani, na kama anameza au anatema, hana jibu.

Hapo ndipo wanapokwama karibu wote. Wanatafuta namna ya kumkomesha kabla ya kujua anafanya nini. Meno yanayoota, kuchoka kukaa bure, woga wa kuachwa, njaa, maradhi na silka ya kuwinda vyote hutokea kupitia mdomo ule ule, na kila kimoja kina tiba yake. Mbwa mwenye woga ukimpiga, kesho atatafuna zaidi.

Hatua hizi nimezifuata kwa Kashata, Jack Russell jike wa kilo sita ninayeishi naye Mkomani, Mombasa, kisha kwa mbwa wa marafiki kutoka Tudor hadi Bamburi. Zifuate kwa mpangilio. Wanaoruka hatua ya 3 na ya 4 ndio wanaonirudia baada ya mwezi na swali lile lile.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu.
- Simu inayoweza kurekodi video ya nusu saa.
- Mpira mgumu wa kutafunia wenye tundu katikati, mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita kooni.
- Kanga kuukuu ya pamba na nafasi kidogo kwenye friza.
- Karai pana au sanduku la mbao lenye kina cha futi moja, na mchanga wa kulijaza.
- Maboksi ya katoni yaliyotolewa stepo na utepe wa plastiki.
- Kuku wa kuchemsha aliyekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, bila chumvi, bila kitunguu, bila mfupa.
- Kizuizi cha mlangoni, kama kile cha watoto wanaotambaa.
- Namba ya daktari wa wanyama, iliyohifadhiwa kwenye simu tayari.

Pilipili iache jikoni. Humchoma macho na pua, na wako mbwa wanaoilamba na kuendelea. Shubiri pia usipake. Najua akina mama wa Pwani wameitumia vizazi na vizazi kumwachisha mtoto ziwa, lakini mbwa akiilamba humletea kutapika na kuhara.

## Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Mbwa mwenye minyoo au upungufu wa damu huweza kula mchanga, makaa, mawe na vitambaa. Safura, minyoo inayonyonya damu, hupenda udongo wenye joto na unyevu, na mji wetu una vyote viwili. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mbwa mkubwa kila miezi 3.

Chukua tochi, inua mdomo wa juu, tazama ufizi. Uwe wa waridi na wenye unyevu. Ukiwa mweupe kama karatasi, acha kusoma na umpeleke kwa daktari leo. Kupe wa huku huambukiza maradhi yanayomaliza damu. Tazama pia jino lililovunjika au ufizi mwekundu uliovimba.

Onyo kubwa. Mbwa aliyebadilika ghafla, anauma mbao na mawe ovyo, anatoka mate mengi, hawezi kumeza au sauti imembadilika, usimtie mkono mdomoni kamwe. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie alipo, weka watu mbali, mwite daktari wa wanyama. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa ni kila mwaka, na haina udhuru.

Utajua umevuka hatua hii ukiona ufizi wa waridi, kinyesi kilichoshikana na uzito usioshuka.

## Hatua ya 2: Hesabu umri na meno

Mbwa huzaliwa hana meno, huota 28 ya utoto, na hatimaye huwa na 42. Mabadilishano huanza karibu na miezi 4 na kumalizika miezi 6 au 7. Katika kipindi hicho fizi humuwasha na kumuuma, naye hutafuta kitu chochote cha kubana. Huwezi kumkataza, unaweza kumchagulia tu.

Akifika miezi 7, mtazame chonge. Mbwa wadogo mara nyingi hubaki na chonge ya utoto kando ya ile ya kudumu, mawili kwenye nafasi ya moja. Daktari aing'oe, kwani chakula hunasa kati yake na ufizi huoza.

Baada ya meno kutimia huja wimbi la pili ambalo huwashtua wengi: ujana, hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Taya sasa zina nguvu za mtu mzima na akili bado ni ya kitoto. Mwenye mbwa hudhani mafunzo yote yamepotea. Hayajapotea.

## Hatua ya 3: Andika kwa siku saba

Kwa wiki moja usibadilishe chochote isipokuwa kuondoa vitu vya hatari. Kila akitafuna, andika mambo matano: kitu gani, saa ngapi, wapi, nani alikuwapo, na nini kilitokea nusu saa kabla. Huu hapa ukurasa mmoja wa daftari langu la mwanzo:

*Jumatatu, saa 3 asubuhi. Ndara ya bafuni. Kitandani kwake. Nimetoka kwenda dukani dakika 20 zilizopita.*

*Jumatatu, saa 11 jioni. Katoni ya maziwa, imechanwa vipande. Barazani. Hatukutembea leo, jua kali.*

*Jumanne, saa 4 usiku. Pembe ya chini ya kabati la jikoni. Mimi nipo, taa imezimwa.*

*Jumatano, saa 4 usiku. Kabati, pembe ile ile.*

Ukiziangalia moja moja ni fujo. Zikiwa pamoja zinaanza kusema.

Andika pia saa za usingizi. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, mkubwa saa 12 hadi 14. Nyumba yenye watoto, redio na wageni kutwa humnyima usingizi huo, na mbwa aliyekosa usingizi hutafuna kama mtoto mchovu anavyolia.

Siku ambayo umeondoka, acha simu ikirekodi nusu saa ya kwanza. Video hiyo utaihitaji.

## Hatua ya 4: Soma mabaki

Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ndiyo inayotatua mengi. Usikimbilie kufagia. Chuchumaa uangalie kilichobaki.

Mto uliotobolewa katikati, sufi imetapakaa chumba kizima, hakuna kilicholiwa. Huyu alikuwa anawinda. Uwindaji wa mbwa una mfuatano: kunusa, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kutikisa, kurarua. Jack Russell alizalishwa aingie shimoni kumfuata mbweha, gizani, bila mtu wa kumwamuru. Kwake sufi inayotoka kwenye mto ni manyoya ya ndege anayenyonyolewa. Haharibu mto kwa chuki. Anaimaliza kazi ambayo damu yake inaijua.

Kiatu kilichobebwa hadi kitandani, kimelambwa ndani, kingo zimegugunwa taratibu. Anatafuta harufu yako. Angalia: mara nyingi ni kile ulichokivua punde, chenye jasho, na kile kipya kando yake hakijaguswa.

Kitu cha mpira chenye alama ndogo ndogo zilizolingana ukingoni. Fizi. Rudi hatua ya 2.

Rimoti. Vidole vyetu huacha chumvi na mafuta ya chakula juu yake, vitufe ni laini, na plastiki ikipasuka hulia kama mfupa. Hiyo ni tamaa na nafasi tu. Iweke juu.

Miimo ya mlango, komeo, kizingiti, fremu ya dirisha. Mbwa huyu alikuwa anajaribu kukufuata. Tazama ile video. Ukimwona anahema, anatoka mate, analia na kukwaruza ndani ya dakika chache baada ya wewe kuondoka, huo ni woga wa kuachwa. Mbwa aliyechoka kukaa bure hulala kwanza, huzunguka, kisha hutafuna kitu cha katikati ya nyumba. Beagle alizoea kuwinda kundini, na upweke humuuma haraka zaidi.

Mahali pamoja pa ukuta, sakafu au kabati, kila usiku. Hapa nataka kusimulia kosa langu.

Kashata aliguguna pembe ya kabati la jikoni wiki tatu. Nilimkemea, nikamfukuza, nikapaka siki. Usiku mmoja nilikaa gizani nikamtazama. Hakuanza kwa kutafuna. Alisimama, masikio yamesimama, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umekakamaa kama kijiti. Alisikiliza kwa muda mrefu. Ndipo akaingiza pua kwenye ufa na kuanza kuvunja mbao, haraka, kwa meno ya mbele. Asubuhi nilisogeza mtungi wa gesi, nikavuta kabati. Nyuma yake palikuwa na kinyesi cha panya na kiota cha karatasi. Wiki tatu mbwa wangu alikuwa akinionyesha panya, nami nikimwita mwizi.

Niliweka mtego wa chuma ndani ya boksi asilofikia, nikaziba tundu. Pembe ile hajaigusa tena. Sumu ya panya usiweke kwenye nyumba yenye mbwa wa aina hii. Akila sumu, au panya aliyekula sumu, dalili za kutoka damu ndani zinaweza kuchelewa siku kadhaa, na zikionekana muda umeshapotea.

Vipande havipo kabisa. Amemeza. Nenda moja kwa moja mwisho wa mwongozo huu.

Mwisho wa hatua hii uwe na sentensi moja iliyoandikwa: "Mbwa wangu anatafuna kwa sababu ya…" Zikiwa sababu mbili, andika zote mbili.

## Hatua ya 5: Funga njia

Kila mara anapofaulu kutafuna kochi, kutafuna kochi kunakuwa tamu zaidi. Kwa hiyo wakati wa mafunzo asipate nafasi hiyo. Viatu viwekwe juu, chaja zitoke kwenye soketi, mlango wa chumba cha kulala ufungwe, kizuizi kiwekwe. Usipoweza kumtazama, akae sehemu ndogo iliyo salama yenye maji, kivuli na hewa.

Nje kuna hatari zetu wenyewe. Kijiti cha mishikaki kilichotupwa ufukweni hunukia nyama, akikimeza hutoboa utumbo. Gunzi la mahindi ya kuchoma huziba. Kokwa la embe huziba vilevile, na msimu wa maembe yamejaa kila kichochoro. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali. Muhogo mbichi una sumu. Mabaki ya pilau na biriani yana kitunguu kinachoharibu chembe za damu ya mbwa, na zabibu kavu zinazoweza kuua figo zake.

Halafu kuna jirani. Kashata alipopenya chini ya geti na kurudi na champali ya mzee wa nyumba ya pili, nilikwenda kumwomba radhi. Mzee hakupandisha sauti. "Mwanangu, champali si kitu," aliniambia, "lakini mate ya mbwa yakigusa nguo yangu, nitaswali nayo vipi?" Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nililipa champali mpya, na siku hiyo hiyo nikapigilia ubao chini ya geti. Ukifuga mbwa mtafunaji Mombasa, ubao huo ni sehemu ya heshima kwa majirani zako. Mweke mbali na viatu vya barazani na nguo za kambani.

## Hatua ya 6: Mpe cha halali, kulingana na sababu

Kabla ya chochote, pima ugumu. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha usipoacha alama hata kidogo, kitu hicho kinaweza kuvunja jino. Mawe, pembe na mifupa mikavu ya ng'ombe imo humo. Makumbi ya nazi yana tatizo jingine: nyuzi zake zikimezwa hujikusanya tumboni.

*Kwa fizi:* lowesha kipande cha kanga, kisokote kama kamba, kifunge fundo, kiweke friza usiku mmoja. Mpe ukiwa hapo, kiondoe kikianza kuchanika. Karoti nzima ya baridi inafaa pia.

*Kwa mwindaji:* mpe cha kurarua na cha kuchimba. Ficha chembe za chakula chake ndani ya katoni, funga, mwache achane. Vipande vya karatasi sakafuni ndiyo alama kwamba umefaulu. Fagia kwa furaha, ukihakikisha hamezi. Kwenye sanduku la mchanga zika mpira au kipande cha kuku, kwanza juu juu, kesho kina zaidi. Kashata humaliza dakika 15 humo na hulala kama aliyetoka shamba.

*Kwa aliyechoka kukaa bure:* matembezi mawili, la kwanza kabla ya saa 1 asubuhi, la pili baada ya saa 11 na nusu jioni. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia hazitavumilia. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto hufanya watu waruke matembezi, na ndipo malalamiko ya kutafuna hunifikia kwa wingi. Siku ambayo kutoka hakuwezekani, jaza mpira wenye tundu: kiazi kitamu kilichopondwa na samaki aliyetolewa miiba yote, ugandishe usiku. Ukitumia siagi ya karanga, soma kibandiko. Ikiwa na zailitoli (xylitol), ile sukari mbadala, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Vitu hivi vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

*Kwa mwenye woga wa kuachwa:* mpira uliojazwa pekee hautatosha, mara nyingi hatauonja hadi urudi. Anza na kutoka kwa sekunde 5, rudi kimya kabla hajaanza kulia. Rudia. Ongeza hadi sekunde 20, dakika 1, dakika 3. Akilia, umekwenda mbio, rudi nyuma. Chukua funguo na vaa viatu mara nyingi bila kutoka, hadi sauti ya funguo isimshtue. Hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Katika kipindi hicho mwombe mtu wa nyumbani abaki naye. Akijiumiza meno au makucha mlangoni, daktari anaweza kumpa dawa ya kumtuliza wakati mafunzo yanaendelea, na hakuna aibu ndani yake.

## Hatua ya 7: Mfundishe kubadilishana

Mbwa ameshika soksi, wewe unamkimbiza. Kwake mchezo mzuri kuliko huo haupo. Na ukimpanua taya kwa nguvu, mara ya tatu au ya nne atakungurumia, au atameza ili usimpokonye.

Simama. Leta kipande cha kuku puani pake. Akifungua mdomo sema "lete", mpe kuku, chukua kitu. Fanya mazoezi kwa vitu vyake vya halali kwanza, mara tano kwa siku, na baada ya kuku mrudishie kitu chake. Ajifunze kwamba kukuachia hakumaanishi kupoteza.

Kumpiga ukirudi nyumbani hakufundishi lolote, kwa sababu tendo limeshapita. Watu huniambia, "Lakini anajua kosa, mtazame macho." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao wamekula chakula walichokatazwa, wakati mwingine kweli, wakati mwingine sivyo. Ule uso wa hatia ulitokea kulingana na kukemewa, si kulingana na kosa. Wasio na kosa waliokemewa ndio walioonekana wenye hatia zaidi. Mbwa wako anausoma uso wako.

Utajua hatua hii imekaa siku atakapookota kitu na kukuletea mwenyewe, bila kuitwa. Kwa mbwa wengi niliowaona ilichukua wiki nne hadi nane za kila siku.

## Amemeza: fanya hivi

Mpigie daktari mara moja ukihisi amemeza betri ya rimoti, kokwa, gunzi, kijiti, soksi, zailitoli, zabibu, sumu ya panya au dawa ya binadamu kama Panadol na ibuprofeni. Usisubiri dalili.

Dalili za utumbo kuziba ni kutapika kila anachokula au kunywa, tumbo gumu, kukosa choo, na kusimama matako juu kifua chini kama anayesujudu. Uzi au kamba ikionekana kutoka mdomoni au nyuma, usiivute. Inaweza kukata utumbo.

Usimtapishe kwa chumvi wala mafuta. Betri na vitu vyenye ncha huumiza mara ya pili vikirudi juu.

Beba kipande kilichobaki, pakiti ya dawa kama ipo, na lile daftari lenye saa aliyomeza.